Mjukuu ni wa nani? Safari yetu ya Gatsata

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hatuandiki juu ya mitihani wala usafi wa madarasa. Tunataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, na ambalo tulikosea ndani yake. Bibi tunayemsimulia ametupa ruhusa, ila ameomba tusitaje jina lake wala majina ya watoto. Alituambia, "Andikeni, walimu wangu. Wengine wasije wakahangaika kama miye."

Bibi ni mama mzee wa Masisi. Alikimbia mwaka 1996, akakaa Mudende, na watu walipouawa pale mwaka 1997 akapelekwa Gihembe, kule Byumba, pamoja na mume wake na watoto watatu. Hapo Gihembe alipewa kadi ya chakula. Kadi ile anayo mpaka leo. Imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na Biblia yake, na pembeni imejaa matundu ya miezi aliyopokea mahindi na maharage. Sisi tuliozaliwa Gihembe tunazijua kadi hizo, tulipanga mstari nazo tukiwa wadogo.

Mume wake alifia Gihembe. Mtoto wake mmoja wa kiume alifariki, mwingine alirudi Kongo na habari zake hazijulikani. Akabaki na binti wa mwisho. Binti akaolewa, akapewa kadi yake mwenyewe, akazaa msichana na mvulana. Mume wa binti akaondoka, hakurudi. Halafu mnajua wenyewe ilivyokuwa mwaka 2021: Gihembe ilifungwa kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula mlima, watu wakahamishiwa hapa Mahama. Bibi akaja na wenzake. Binti akasema, "Mama, tangulia, mimi nitafute kazi Kigali kwanza." Akapanga chumba Gatsata, akawa anafulia watu nguo. Likizo zingine aliwaleta watoto kwa Bibi, zingine nauli ilikosekana.

Mwaka jana binti akaugua, akafariki. Bibi hakuzika. Habari haikumfikia kwa wakati, maana simu ya marehemu ilikuwa na namba ya siri na majirani hawakujua wampigie nani. Ni yule msichana, mwenye miaka 11, aliyempata bibi yake. Namba aliikumbuka yote isipokuwa tarakimu ya mwisho. Akaazima simu ya jirani, akajaribu sifuri, akajaribu moja, akajaribu mbili. Watu walikuwa wanamjibu vibaya na kukata. Alipofika saba akasikia sauti ya Nyogokuru wake.

Bibi alikuja kwetu jioni ile ile. Hakulia. Alikaa kwenye benchi ya wanafunzi akasema, "Batoto wangu wako kwa watu. Niandikieni barua niende kuwachukua." Ndivyo tulivyojua kwamba baada ya mazishi watoto walipelekwa kwa familia ya malezi, mtaa ule ule wa Gatsata, na kwamba ofisi inayoshughulikia watoto ilikuwa imeandika jambo hilo.

Sasa sisi, damu ikatuchemka. Mmoja wetu alilelewa na babu yake tangu akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo aliona kama mtu amemnyang'anya yeye. Tukasema: bibi ni bibi, nani anaweza kumwekea mjukuu wake masharti? Na kwa kuwa tuliona barua yenye nguvu ndiyo inayofungua mlango, tukaandika kwamba watoto wale wamelelewa na bibi yao Mahama tangu mwaka 2021, na kwamba Gatsata walikwenda kumtembelea mama yao tu. Hiyo haikuwa kweli. Tuliijua siyo kweli. Bibi hasomi, tukamsomea haraka haraka, tukaruka hapo. Akaweka kidole.

Tukaomba ruhusa, tukachanga nauli na walimu wenzetu, tukapanda basi alfajiri. Mnaijua njia hiyo: Kirehe, Kayonza, Rwamagana, mpaka Nyabugogo. Bibi alibeba mfuko wa maharage na ile kadi ya zamani. Kutoka Nyabugogo kwenda Gatsata siyo mbali, ni kushika barabara ya kwenda Byumba na Gatuna. Bibi alipoiona alisimama kidogo. Ilikuwa ndiyo barabara yake ya miaka ishirini na zaidi, ya kurudi Gihembe. "Nilipita hapa mara nyingi," akasema. "Sikujua kama nitakuja kuulizia watoto hapa."

Gatsata ni sehemu ya magaraji. Chini barabarani ni vyuma, matairi, watu wamelala chini ya magari, harufu ya oili. Nyumba zimepanda mlima nyuma yake, na njia za kwenda huko ni ngazi za mawe na udongo. Tulipanda polepole kwa sababu ya magoti ya Bibi. Njiani tulikuwa tunapanga maneno makali ya kumwambia yule mwanamke tuliyemwita moyoni mwetu mwizi wa watoto.

Tukamkuta uani anasuka nywele za msichana. Mvulana, mwenye miaka sita, alikuwa anachezea bolti kwenye kopo, maana baba wa nyumba ile ni fundi magari. Msichana alipomwona Bibi aliruka na nywele nusu, akamkumbatia kiunoni, wakakaa hivyo muda mrefu. Mwanamke yule akasimama na kitana mkononi. Akasema, "Mukecuru, karibu sana. Tumekungoja." Kisha akaingia ndani akatoka na kiti, na chai, na nguo za marehemu alizokuwa amezifua na kuzikunja. Kumbe ndiye aliyemuuguza. Ndiye aliyempeleka kituo cha afya mgongoni mwa pikipiki, akikaa nyuma yake amshike asianguke. Watoto wanamwita Tantine.

Maneno yetu makali tuliyameza na ile chai.

Siku iliyofuata tulikutana ofisini na dada anayehudumia mambo ya watoto, Bibi, Tantine na mume wake. Walikuwepo pia wale wawili wa kijiji wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia. Kwa wasiojua, kila kijiji cha Rwanda kina watu wawili kama hao, mwanamume na mwanamke, waliochaguliwa na majirani zao. Wanajitolea kama sisi, na kazi yao ni kuangalia kama kuna mtoto anayeteseka au familia yenye ugomvi.

Tukatoa barua yetu. Yule dada akaisoma, akafungua faili, akatuuliza kwa upole kabisa: "Kama watoto walikuwa Mahama tangu 2021, huyu msichana alikuwa anasoma vipi shule ya hapa miaka miwili mfululizo? Huyu mwalimu wake ameandika mahudhurio ya mtoto gani?"

Tulinyamaza. Kalamu zetu tunazowafundishia watoto kusema kweli ziliandika uongo, na uongo wenyewe ulikuwa umebeba kidole cha mzee asiyejua. Tulitamani sakafu ipasuke. Bibi akauliza, "Barua inasema nini?" Ikabidi tumsomee yote, safari hii bila kuruka.

Bibi akaomba kusema. Alisema hivi, kwa kadiri tunavyokumbuka: "Hapana. Hawa walimu wamenipenda vibaya. Watoto hawajalala kwangu zaidi ya likizo. Mama yao aliwalea mwenyewe, alifua nguo mpaka vidole vikapasuka. Msimwondolee kazi yake aliyoifanya. Miye ni bibi yao, basi. Hilo linatosha au halitoshi?"

Dada yule akafunga faili akasema, "Linatosha kuanzia, Mukecuru. Halitoshi kumalizia." Baadaye alituambia kwamba bila maneno yale ya Bibi angelazimika kuandika kwamba ombi lina udanganyifu, na jambo lingekwama muda mrefu. Ukweli wa mzee ndio uliokoa uongo wa vijana.

Sasa tunataka kuwaeleza tuliyofundishwa katika chumba kile na baada ya hapo, kwa sababu wengi kambini wana shida kama ya Bibi na wanafikiri kama tulivyofikiri sisi.

Kwanza, mtoto aliyebaki na bibi, babu, shangazi au mjomba hahesabiwi kuwa mtoto aliye peke yake. Wakimbizi wanapoandikishwa, mtoto asiye na mzazi wala ndugu mkubwa wa kumlea huhesabiwa kuwa peke yake kabisa. Aliye na jamaa huhesabiwa kuwa ametenganishwa na wazazi. Tofauti hiyo ni kubwa. Wa kwanza hutafutiwa familia. Wa pili anayo familia tayari, kazi ni kuiangalia na kuisaidia. Lakini ofisi itajuaje kwamba jamaa yupo, kama hakuna mahali palipoandikwa?

Pili, sheria za dunia zinamtambua Bibi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaheshimu jamaa wa ukoo, siyo baba na mama tu. Mkataba huo unasema pia kwamba mtoto aliyekosa familia yake apewe malezi mengine, na wanaochagua waangalie lugha yake, dini yake, mila yake, na asikatwe ghafla na maisha aliyozoea. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, una kifungu kizima juu ya mtoto mkimbizi, na unataka jamaa zake watafutwe. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukatoa mwongozo juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi. Humo ngazi zinaeleweka: kwanza wazazi, wakishindikana jamaa wa karibu, ndipo familia nyingine. Na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe bila sababu nzito.

Tatu, hapa Rwanda jambo hili lina historia yake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 watoto wengi mno walibaki bila wazazi. Wengi walilelewa na bibi zao, shangazi zao, hata majirani, na wengine waliwekwa kwenye vituo vya yatima. Mwezi wa Machi 2012 serikali ilipitisha mpango wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia. Wakati huo walikuwa zaidi ya 3,000 katika vituo zaidi ya 30. Mpango ukaitwa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Jamaa wakitafutwa na kukosekana, mtoto hupewa familia iliyoandaliwa na inayotembelewa. Familia hizo zinaitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Tantine na mume wake walikuwa wamekubaliwa kuwa hao. Hawakuiba mtoto. Walishika nafasi ambayo ilikuwa wazi usiku ule, kwa sababu sisi jamaa hatukuwa tumeandikwa popote.

Hapo ndipo ile kadi ya Bibi ilipotoka kwenye plastiki. Aliiweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Dada yule akaitazama mbele na nyuma. Kadi ilionyesha jina la mume wa Bibi na idadi: watu 5. Haikusema watu gani. Miaka yote hiyo Bibi aliamini kwamba binti yake yumo ndani ya kadi ile. Alikuwemo, lakini kama tundu na kama namba, siyo kama jina. Na kadi ya marehemu ilikuwa na yeye na watoto wake wawili, bila jina la mama yake. Jina la Bibi lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili tofauti, moja na herufi L, nyingine na R. Kwa karatasi, Bibi na wajukuu wake walikuwa watu baki.

Ilichukua wiki kadhaa kuunganisha. Faili la zamani la familia lilipatikana, na humo binti alikuwa ameandikwa mwaka 1997, mtoto wa miaka minne. Wazee wawili waliokaa kijiji kimoja na Bibi kule Gihembe wakatoa ushahidi. Tulipomsomea Bibi ule mstari, jina la binti na "miaka minne", hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilianza. Wakaja kumtembelea Bibi nyumbani kwake hapa Mahama, wakamuuliza maswali ambayo mwanzo yalitukasirisha. Watoto watalala wapi? Msichana mkubwa na mvulana watalala vipi katika chumba kimoja? Bibi ana presha, je, dawa anazipata? Nani atasaini karatasi za shule? Nani atachota maji? Na lile lililotuuma zaidi: "Mukecuru, ukiugua wewe, au Mungu akikuchukua, watoto hawa wataamkia kwa nani?"

Tuliona ni utovu wa adabu kumwuliza mzee kifo chake. Lakini Bibi hakukasirika. Alisema, "Ni swali zuri. Juu ya swali hilo nimekosa usingizi tangu siku ile ya simu." Akamtaja mtoto wa dada yake, mama wa makamo anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Akaitwa, akaulizwa, akakubali, akaandikwa kuwa mlezi wa pili. Siku hiyo ndipo tulipoelewa. Sisi tulikuwa tunauliza mjukuu ni wa nani. Wao walikuwa wanauliza mtoto huyu ana nani, leo na kesho. Swali la kwanza ni la mbuzi na shamba. La pili ndilo la mtoto.

Watoto nao walisikilizwa, kila mmoja peke yake, bila Bibi na bila Tantine. Ndivyo inavyotakiwa: mtoto anayeweza kutoa maoni apewe nafasi, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Siyo kwamba mtoto ndiye anayeamua, lakini haamuliwi kama kiti kinachohamishwa. Mvulana aliuliza kama Mahama kuna magari. Msichana alisema anataka kwenda kwa Nyogokuru. Halafu akauliza: "Nikienda, nani atakuwa anaangalia kaburi la mama?" Yule dada alitusimulia hayo kwa idhini ya msichana mwenyewe. Katika hesabu zetu zote za damu na haki, sisi hatukuwa tumefikiria kaburi.

Uamuzi ulikuja hivi. Watoto wabaki Gatsata mpaka mwaka wa shule uishe, ili msichana amalize darasa lake. Bibi apigiwe simu kila Jumapili. Likizo ndefu waje Mahama kwa majaribio, na mtu wa ulinzi wa watoto awatembelee. Ikienda vizuri wahamie kwa Bibi, wote wawili pamoja, majina yao yaingizwe kwenye karatasi ya familia yake. Na Tantine aendelee kuwa mtu wao: mara moja kwa mwaka wakienda Kigali wafikie kwake, awapeleke makaburini.

Bibi aliposikia neno majaribio alijikunja. "Bibi anajaribiwa?" Tantine ndiye aliyemjibu: "Mukecuru, hata mimi nilijaribiwa. Walikuja wakafungua mpaka sufuria zangu." Wakacheka wote wawili, na sisi tukapumua.

Likizo ilifika, watoto wakaja. Wiki ya kwanza mvulana alikuwa anakojoa kitandani na kumwita Tantine usiku. Bibi alitujia amevunjika moyo: "Hanitaki." Tulimwambia tulichoambiwa sisi, kwamba mtoto aliyehamishwa hulia kwa mwili kabla ya kulia kwa mdomo. Asimpige, asimcheke, wala asimkataze kulitaja jina la Tantine. Wiki ya tatu akaacha. Leo wako hapa moja kwa moja. Msichana ni wa kwanza kuinua mkono, na mvulana ametengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuka kweli.

Ndugu wasomaji, msidhani mambo haya ni ya wakimbizi tu au ya Afrika tu. Wenzetu wengi wa Gihembe walihamishiwa Marekani miaka iliyopita. Mmoja tuliyesoma naye, aliyekwenda Ohio na wazazi wake, tulipomsimulia habari za Bibi kwa simu alisema kule kwao kuna kesi ya bibi inayofundishwa mpaka vyuoni. Tukaitafuta. Huyo bibi aliitwa Inez Moore, wa mji wa East Cleveland. Aliishi na mtoto wake wa kiume na wajukuu wawili waliozaliwa na watoto wake tofauti. Mmoja wa wajukuu aliletwa kwake baada ya mama yake kufariki, akiwa mdogo sana. Mji ukasema kwa sheria yake ya nyumba hiyo siyo familia moja, mjukuu yule aondoke. Bibi akakataa, akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25. Akakata rufaa mpaka Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1977 akashinda, majaji watano kwa wanne. Mahakama ikaona kwamba mababu na mabibi, mashangazi na wajomba kuishi nyumba moja na watoto ni desturi ya zamani inayostahili kulindwa. Na tangu mwaka 2008 sheria ya nchi hiyo inataka mtoto akiondolewa kwa wazazi wake, jamaa zake wakubwa, wakiwemo bibi na babu, watafutwe na waarifiwe ndani ya siku 30. Kwa hiyo hata katika nchi tajiri, bibi ilibidi apiganie kutambuliwa, na hata huko kwanza ni lazima ajulikane yuko wapi.

Basi tunawaomba mambo machache, na myafanye mwezi huu, msingoje msiba. Chukueni karatasi ya familia, someni kila jina, herufi kwa herufi. Kama L imekuwa R, nendeni mkaombe irekebishwe. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa, maana ndicho kinachomtaja mama yake, na mama ndiye daraja la kumfikia bibi. Binti au kijana akioa, akiolewa au akienda kutafuta maisha Kigali, hakikisheni ofisini mnajulikana kuwa ni mtu na mzazi wake. Ninyi mnaokaa na mtoto wa marehemu bila kumwambia mtu, msiogope kwamba mkisema mtanyang'anywa. Mara nyingi ni kinyume: aliyeandikwa ndiye anayetafutwa kwanza. Ninyi bibi na babu, chagueni mlezi wa pili mkiwa bado na nguvu, na mwambieni mwenyewe akubali. Na watoto wafundishwe namba ya simu ya jamaa mmoja mpaka waiimbe, pamoja na tarakimu ya mwisho.

Na sisi vijana tunaojua kuandika, tunaoombwa barua kila siku, tuache kuwapenda wazee vibaya. Mtu akiweka kidole kwenye karatasi yetu, asomewe yote.

Mwezi uliopita Bibi alipata karatasi yake mpya ya familia. Alikuja nayo darasani mchana, akatuomba tumsomee. Tukamsomea: jina lake, kwa herufi sahihi, kisha la msichana, kisha la mvulana. Akasema tena. Tukasoma tena. Akaikunja, akaitia kwenye ule mfuko wa plastiki, nyuma ya kadi ya watu 5, akaenda kupika.

Mwenye swali juu ya mambo haya atukute shuleni baada ya saa tisa, tutamsindikiza kwa wanaohusika. Mungu akijalia tuonane toleo lijalo.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.